Kutafuta michoro ya Waaborijini katika magenge ya Sydney

Ukisikia neno "pango" huenda unaona Amboni: shimo refu, giza, popo juu ya kichwa. Kwa kazi hii picha hiyo iweke kando. Ukanda wa miamba ya mchanga unaoizunguka Sydney, Australia, nchi ya Waaborijini, yaani wenyeji wake wa asili, unaanzia pwani, unapanda hadi Blue Mountains, unaendelea kaskazini hadi Wollemi, na michoro yake kwa kawaida imo chini ya ubavu wa genge uliolika kwa ndani, mwamba ukabaki umeinama juu kama upenu wa nyumba. Kina chake mara nyingi ni mita chache tu, na mchana mwanga unafika hadi ukutani. Watu walikaa humo wakapika, wakalala, wakasubiri mvua ipite. Kwa hiyo anayetafuta michoro kwanza anatafuta mahali ambapo mtu mwenye akili zake angechagua kulala usiku wa baridi wa Julai. Hilo likikuingia, sehemu kubwa ya pori unaweza kuiacha bila kuikanyaga.

Maelezo haya ni ya ukanda huo tu. Ukitaka kwenda Arnhem Land, huko kaskazini, hauingii bila kibali cha Northern Land Council, baraza la ardhi la Waaborijini wa huko, na mambo ya njia, joto na mamba ni habari nyingine kabisa.

Macho yafunzwe kwanza

Asiyewahi kuona mchoro uliofifia atapita mbele ya ukuta wenye picha kumi akidhani ni uchafu wa mwamba. Anzia mahali palipo wazi kwa wote. Penye faida kubwa zaidi kwa anayeanza ni Red Hands Cave, katika Blue Mountains, kwenye nchi ya Wadharug. Unashuka treni Glenbrook, unatembea hadi kwenye lango la hifadhi, na kuanzia kivuko cha mto kuna mzunguko wa kilomita 8 hivi. Mvua kubwa ikinyesha kivuko hufungwa, kwa hiyo angalia taarifa za hifadhi asubuhi kabla ya kutoka nyumbani. Kando ya kijito, kabla ya kufika kwenye pango, kuna mifuo ya kunolea mashoka ya mawe. Ni mashimo marefu ya mviringo kwenye mwamba wa chini, laini kama ndani ya bakuli, karibu na maji kwa sababu jiwe lilinolewa likiwa na maji. Simama hapo uiangalie vizuri, kwani porini mifuo ya namna hii ndiyo itakayokuambia kwamba watu walikuwa karibu.

Pangoni penyewe kuna kizuizi cha kulinda ukuta. Hapo jifunze jambo moja tu: alama ya kiganja inavyoonekana ikiwa ya kweli. Mkono uliwekwa ukutani, ngeu, yaani udongo mwekundu wa rangi, iliyochanganywa na maji ikapulizwa kwa mdomo juu yake, kisha mkono ukaondolewa. Kinachobaki ni umbo la mkono lenye rangi ya mwamba wenyewe, na wekundu pembeni. Tazama ukingo wa kidole kimoja. Palipogusana na ngozi mstari ni mkali, halafu kadiri unavyokwenda nje rangi inapungua na kuwa vitone vidogo vidogo, mpaka inapotea bila mpaka. Hiyo ndiyo sahihi ya pumzi ya mtu. Brashi haifanyi hivyo.

Siku nyingine nenda Bulgandry, karibu na Kariong, kaskazini mwa Sydney, uone michongo iliyo kwenye jabali la wazi. Michongo ilianza kwa kugongagonga vishimo mfululizo, kisha vikaunganishwa kuwa mfuo mmoja. Adhuhuri huoni kitu, jua likiwa juu linaufuta mfuo. Fika katika saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza au ya mwisho kabla halijazama, kivuli kikijaa ndani ya mfuo, na umbo lote litainuka mbele yako. Vua viatu au baki kwenye njia ya mbao. Usikanyage mfuo wala kuupaka chaki ili utoke vizuri kwenye picha.

Ardhi ina wenyewe

Aliyewahi kufika Kolo, kule Kondoa, kwenye michoro ya miambani, anajua kwamba miamba ile bado ina kazi: watu huenda kufanya matambiko, na mgeni haanzi safari bila kupita kwa anayehusika. Huku ni vivyo hivyo. Tangu sheria ya haki za ardhi ya mwaka 1983, jimbo la New South Wales, ambamo Sydney imo, lina mabaraza ya ardhi ya Waaborijini, zaidi ya mia moja, kila moja na eneo lake. Kabla ya kwenda kutafuta nje ya njia rasmi, andikia baraza la eneo hilo. Sema wewe ni nani, unataka kupita wapi na lini, na uliza kama kuna mahali hupaswi kukaribia. Sehemu nyingine ni za wanawake peke yao, nyingine za wanaume peke yao, na ramani haikuambii hilo. Ukijibiwa "hapana", umejibiwa.

Mkikutana na wazee, utasikia wakiitwa Aunty na Uncle. Kwa mtu aliyelelewa kuwaita wakubwa zake shangazi na mjomba hili halina ugeni. Waite hivyo hivyo, na uwaache waanze wao habari za mahali. Tumia jina la taifa lao, Wadharug, Wagundungurra, Wadarkinjung, badala ya kuwatia wote kapu moja.

Ramani: tafuta kisichochorwa

Chukua ramani ya 1:25,000, yenye kontua, yaani mistari ya mwinuko, kila mita 10. Kontua zikibanana, hapo pana genge. Lakini kibanda kizuri cha mwamba, yaani ule upenu wa kukalika, mara nyingi kina urefu wa mita 3 au 4, yaani kinajificha chote kati ya kontua mbili bila kuacha dalili. Hapa ndipo wengi wanakosea: wanakimbilia magenge makubwa yaliyochorwa kwa wino mzito na kuacha ngazi ndogo za miamba, ambazo ndizo zilizokaliwa. Geoscience Australia inatoa bure mtandaoni data za mwinuko zilizopimwa kwa leza kutoka kwenye ndege; kwa sehemu nyingi za ukanda huu zinaonyesha hata kingo ndogo. Zifungue zikiwa na kivuli cha jua la pembeni, utaona ngazi hizo zikizunguka kila kilima kama matuta ya shamba.

Sasa chuja. Weka alama kwenye ngazi zinazotazama kaskazini au kaskazini mashariki, kwa sababu kusini namna hii ya dunia jua la adhuhuri liko kaskazini mwaka mzima, na upenu unaotazama huko unapata joto wakati wa baridi. Ondoa zilizo mbali na maji. Ondoa zenye mteremko mkali mbele yake, kwani hakuna anayelala akijishikilia. Karibu na miisho ya vilima, juu ya mahali vijito viwili vinapokutana, pandisha alama. Kanuni hizi si msumari. Michoro ipo pia kwenye vibanda vya kusini vyenye ubaridi. Ila kwa siku moja ya kutembea, ndizo zinazookoa miguu yako.

Kuhusu dira, zingatia sana ukitoka Afrika Mashariki. Kwetu tofauti kati ya kaskazini ya dira na kaskazini ya kweli ni ndogo kiasi kwamba wengi hawajawahi kuihesabu. Sydney ni takriban digrii 12 hadi 13 mashariki. Usipoitoa, kila kilomita 1 unatoka kando kama mita 220, na katika nchi ya magenge hiyo ni kutokea upande usiofaa wa bonde. Simu inasaidia, lakini chini ya genge nusu ya anga imezibwa, na kijidoti cha mahali ulipo hurukaruka.

Majira, muda na mzigo

Mei hadi Septemba ndiyo miezi ya kazi hii. Nyoka wamepungua, joto ni la kuvumilika, lakini mchana ni mfupi: mwezi wa Juni jua huzama kabla ya saa 11 jioni, na bondeni giza huwahi zaidi. Panga kugeuza saa 7 mchana, hata kama genge linalofuata linakuita. Kiangazi, siku za tahadhari kubwa ya moto, hifadhi hufungwa; usibishane nazo. Baada ya moto kupita pori hufunguka na vibanda vilivyofichwa kwa miaka huonekana kutoka mbali, lakini joto la moto hupasua ngozi ya mwamba na miti iliyoungua huanguka bila upepo. Subiri hifadhi ifunguliwe tena rasmi.

Chukua maji lita 3 kwa kila mtu, na msiwe chini ya watu 3: mmoja akiumia, mmoja anabaki naye, mmoja anakwenda kuita msaada. Suruali nene na mikono mirefu, maana vichaka vya hakea vina majani kama sindano. Kinga za miguu kutoka kifundo hadi chini ya goti. Glavu za kazi, tochi mbili, filimbi, ramani ya karatasi ndani ya mfuko wa plastiki. Beba kifaa cha kuita uokoaji kwa setilaiti, kile cha mawimbi ya 406 MHz. Katika Blue Mountains kinaazimwa bure kwa watembeaji, kwa hiyo hakuna sababu ya kwenda bila. Jaza fomu ya safari, na mwachie mtu wa nyumbani saa ya kupiga 000, namba ya dharura, kama hamjarudi.

Bendeji za kunyumbulika, upana wa sentimita 10 hadi 15, angalau 2 kwa kila mtu. Ni kwa ajili ya nyoka, na kwa ajili ya buibui wa Sydney anayeishi kwenye mashimo, mweusi, mwenye sumu kali. Yale mengi tuliyoyasikia utotoni yaache: jiwe jeusi, kuchanja kwa wembe, kufunga kamba juu ya jeraha. Usioshe hata jeraha, kwa sababu sumu iliyobaki kwenye ngozi inaweza kuwasaidia madaktari kujua ni nyoka gani. Funga bendeji moja juu ya mahali palipoumwa. Kwa nyingine anzia vidoleni, panda kiungo chote hadi juu kadiri unavyofika, kwa mkazo kama wa kufunga kifundo kilichoteguka. Weka kijiti cha kunyoosha, funga tena. Halafu aliyeumwa asipige hata hatua moja. Sumu husafiri misuli ikifanya kazi. Mtu anayejikongoja kwenda kwenye gari ndiye anayejimaliza. Msaada utamfuata alipo.

Kutembea mguuni mwa genge

Juu ya genge kuna mandhari nzuri na upepo, ila unaweza kupita mita 5 juu ya ukuta uliojaa picha usijue. Shuka, tembea chini yake. Mmoja afuate ukuta wenyewe, mwingine awe mita 15 hivi chini kwenye mteremko akitazama juu. Yeye ndiye atakayeona vinywa vyeusi juu ya vichaka. Fuateni ngazi moja mpaka mwisho, kisha rudini kwa ngazi inayofuata, juu au chini. Kuparamia huku na huko kunaacha mapengo, na jioni hamtajua mmetazama wapi. Mwendo ni mdogo: kilomita 1 ya genge kwa saa ni mwendo mzuri, penye vichaka vizito ni pungufu.

Vijibamba vya jiwe lenye chuma vinavyochomoza kwenye mwamba wa mchanga vinaonekana imara na huvunjika mkononi kama mkate mkavu. Usininginie. Usipande mahali ambapo huna uhakika utashuka.

Ukifika

Simama kwenye mstari wa matone, pale mchanga una vishimo vya maji yanayodondoka kutoka ukingo wa juu. Mizigo ibaki nje. Usiingie bado, soma sakafu. Ikiwa na unyevu na ukuta una ukijani, michoro kama ilikuwapo imeshakwenda, endeleeni. Ikiwa ni vumbi kavu, dari ina weusi wa moshi, na huku na huko kuna makombe ya chaza au vibanzi vya mawe vyenye ncha kali ambavyo si vya mwamba huo, mpo nyumbani kwa mtu. Sakafu hiyo ni kumbukumbu kama ukuta ulivyo, pengine zaidi. Kila hatua inaivuruga, na vumbi linaloinuka hutua juu ya michoro na kukwama. Ingieni mmoja mmoja, mkikanyaga mawe palipo na mawe. Kibanzi ukikiinua kiweke palepale. Kukitia mfukoni ni kosa kwa sheria ya hifadhi za taifa na wanyamapori ya New South Wales, ya mwaka 1974.

Kisha tulia dakika 5 nzima bila tochi. Macho yanahitaji muda huo, na hapa ndipo wenye haraka wanaondoka mikono mitupu. Pitia ukuta kutoka kushoto kwenda kulia mara tatu: usawa wa goti, usawa wa kifua, kisha dari. Keti chini uangalie tena, kwa sababu wengine walichora wakiwa wamekaa. Mwisho washa tochi kwa pembeni, mwanga ukipita juu ya ukuta.

Yanayodanganya ni matatu. Wekundu wa chuma ulio ndani ya mwamba hutengeneza mapete na mikunjo mizuri ajabu. Tafuta mahali jiwe lilipovunjika. Rangi ikiendelea hadi ndani ni ya mwamba, kwani ngeu imekaa juu ya ngozi tu. Weusi wa madini hufuata njia ya maji kutoka juu kwenda chini. Na moshi hauna mstari. Mchoro wa mkaa ukiutazama kwa karibu, ukiwa na kioo cha kukuzia, bila kuugusa, utaona weusi umekaa kwenye vichwa vya punje za mchanga huku mabonde kati ya punje yamebaki meupe. Mkaa umesuguliwa, umeshika palipoinuka. Na kwa kuwa haujazama, mkono wa shati ukipita juu yake mara moja unaondoka nao.

Ndiyo sababu ya kutogusa. Maji nayo ni marufuku, hata kidogo "ili rangi itoke". Yanayeyusha chumvi ndani ya mwamba. Yakikauka chumvi inaganda tena chini ya ngozi ya jiwe na kuibandua, pamoja na picha.

Piga picha bila flashi, kamera ikiwa kwenye stendi, faili ghafi (raw) ikiwezekana. Picha moja ya kibanda kizima, nyingine za ukuta sehemu kwa sehemu, nyingine za karibu zikiwa na rula ya sentimita 10 iliyoshikwa mbele ya ukuta bila kuugusa. Zima kwanza utambuzi wa mahali kwenye simu. Nyumbani, programu ya DStretch ya Jon Harman hutenganisha rangi zilizofifia: kati ya mipangilio yake ya rangi, jaribu LRE kwa nyekundu, YBK kwa nyeusi. Faili ya jpg iliyobanwa sana itakupa miraba ya uongo. Na programu hiyo huchochea wekundu wa chuma sawasawa na ngeu, kwa hiyo kila umbo jipya lilinganishe na picha ya kawaida kabla ya kuliamini.

Kuripoti

Watembeaji wanagundua kweli. Mwaka 1995 watembeaji ndio waliokiona kibanda cha Eagle's Reach, Wollemi, chenye zaidi ya picha 200 zilizopandana tabaka juu ya tabaka, na mahali kilipo hapajatangazwa hadi leo. Nawe ukipata, mambo ni mawili: kuwaambia wahusika na kunyamaza kwa wengine. Sheria ya jimbo inamtaka anayejua palipo na vitu vya Waaborijini kutoa taarifa, na fomu huenda Heritage NSW, ofisi ya urithi ya jimbo, kwenye rejista ya maeneo ya Waaborijini iitwayo AHIMS. Huenda pameshaandikwa, hiyo si hasara, hali ya sasa ya ukuta ina thamani kwao.

Kwa kuwa GPS haishiki vizuri chini ya upenu, nenda nje penye anga wazi, chukua namba hapo, kisha andika umbali na uelekeo hadi kwenye kibanda, pamoja na mfumo wa ramani uliotumia (GDA94 au GDA2020). Andika urefu, kina na kimo cha kibanda, kinatazama wapi, sakafu ikoje, picha ni ngapi na za namna gani, rangi gani. Muhimu kuliko yote, andika kinachopaharibu: maji yanayotiririka, viota vya udongo vya nyigu, mbuzi mwitu, majina yaliyokwaruzwa. Nakala moja ipeleke kwa baraza la ardhi la hapo.

Usiweke picha mtandaoni zenye mandhari ya nje ya kibanda. Umbo la kilima kwa mbali linamtosha mtu anayejua ramani. Usijenge rundo la mawe la kuonyesha njia, wala usifunge utepe mtini. Nyayo za watu 3 zikirudi palepale zilipopita zimeshafungua njia, kwa hiyo tokeni kwa kupitia mahali pengine.